Likizo moja, tiketi moja: uende Ireland msimu gani?

Wifi yangu wa Tanga amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tatu za mwanzo ni salamu na habari za nyumbani, iliyobaki ni swali: "Wifi, nije lini?" Ana siku kumi za likizo, binti wa miaka tisa, na nauli aliyoidunduliza kwenye kikoba. Pombe hanywi. Anataka kuona mila za Waairishi zenyewe, maduka atayaona Dubai akipita. Mimi niko Limerick mwaka wa nane sasa na nimehudhuria karibu kila ninachokitaja hapa, kwa hiyo nimeamua kumjibu kwa maandishi, na wengine mnaoniuliza hilohilo msome hapahapa.

Kwanza kalenda. Mwaka wa kimila wa Ireland unagawanywa na siku nne: Imbolc tarehe 1 Februari, Bealtaine 1 Mei, Lúnasa 1 Agosti na Samhain 1 Novemba. Ni kalenda ya mfugaji na mkulima. Ya kwanza kondoo wanaanza kutoa maziwa, ya pili ng'ombe wanapelekwa malisho ya kiangazi, ya tatu mavuno yanaanza, ya nne mifugo inarudishwa nyumbani na giza linaingia. Ukristo ulipofika haukuzifuta siku hizi, ulizivisha majina ya watakatifu. Katikati yake wakajipenyeza Patrick, Yohana na Stefano wakiwa na siku zao.

Kipimo changu katika yote haya ni kimoja: ukifika, mikono yako itashika nini? Kuna sherehe utakazosimama nyuma ya uzio na simu yako ukipiga picha za migongo ya watu, na kuna nyingine mtu asiyekujua atakuletea kitu mkononi na kukwambia, shika hapa.

Patrick au Brigid?

Wiki sita tu zinawatenganisha watakatifu hawa, na wote wawili wana sikukuu ya kitaifa, lakini ukimfuata mmoja na mwenzio akamfuata mwingine, mtarudi nyumbani mkisimulia nchi mbili.

Patrick ndiye mnayemjua. Tarehe 17 Machi Dublin inafurika. Gwaride linaondoka Parnell Square saa sita mchana, linashuka O'Connell Street, linavuka mto Liffey na kuendelea kusini. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda. Nilisimama saa mbili na nusu nyuma ya bwana mwenye kofia ya kijani ndefu kama sufuria ya pilau, na nilichokiona vizuri siku ile ni hiyo kofia. Bendi kadhaa zilizopita zilikuwa za shule za Marekani, na si ajabu: gwaride la Patrick lilikuzwa na wahamiaji wa Kiairishi huko Boston na New York tangu karne ya 18, kisha likarudi nyumbani limeshanenepa. Ireland kwenyewe siku hii ilikuwa ya misa na kubandika kifuani kijani cha majani matatu, shamrock. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 sheria iliamuru baa zifungwe siku hiyo, na wanywaji wa Dublin wakagundua mapenzi makubwa kwa maonyesho ya mbwa, kwa sababu huko kinywaji kiliuzwa kihalali. Hili tamasha la siku kadhaa mnaloliona kwenye televisheni lilianza mwaka 1996. Juzi tu.

Patrick mwenyewe, kwa anayependa kujua, hakuwa Mwairishi. Alikuwa kijana wa Uingereza aliyetekwa na maharamia akiwa na miaka kama 16, akauzwa utumwani Ireland, akachunga mifugo miaka sita ndipo akatoroka. Baadaye akarudi kwa hiari yake kuwahubiria waliomfanya mtumwa. Mtu aliyekulia Bagamoyo au Unguja atalisikia hilo kwa sikio jingine. Kwenye gwaride hutalisikia kabisa.

Halafu kuna gharama. Nyumba moja ya wageni niliyoilipia miezi miwili kabla ilinighairia wiki ya mwisho, na jioni ileile nikakiona chumba changu kwenye intaneti kwa bei mara mbili. Ukilazimika kuja Machi, usilale Dublin. Nenda Dingle, pwani ya Kerry, ambako gwaride linaanza saa kumi na mbili alfajiri, gizani, kwa ngoma na filimbi, na kufikia saa mbili watu wako kwenye chai.

Sasa Brigid. Siku yake ni 1 Februari, na tangu 2023 ana sikukuu ya kitaifa, ya kwanza katika nchi hii kupewa jina la mwanamke. Kwa kawaida huwa Jumatatu ya kwanza ya Februari. Mahali pa kwenda ni Kildare, chini ya saa moja kwa treni kutoka stesheni ya Heuston. Jina la mji kwa Kiairishi ni Cill Dara, kanisa la mwaloni, na mapokeo yanasema hapo ndipo Brigid alipoanzisha monasteri yake. Watoto wa huku wote wanajua hadithi ya joho: alimwomba mfalme ardhi, mfalme akamcheka na kumwambia achukue kiasi kitakachofunikwa na joho lake; akalitandaza, likakua, likakua, likafunika uwanda mzima wa Curragh. Moto uliotunzwa na masista wake kwa karne nyingi ulikuja kuzimwa, ukawashwa tena mwaka 1993.

Mkesha wake, usiku wa 31 Januari, watu huacha kitambaa nje, kwenye kichaka au kizingiti cha dirisha. Brigid anapita usiku, anakibariki, na asubuhi kinawekwa kabatini kwa ajili ya mtu atakayeumwa kichwa mwaka huo. Kinaitwa brat Bríde. Cha kwangu kipo, ni kipande cha khanga. Kimekunywa mvua ya Limerick mara tatu na rangi haijatoka.

Na kuna msalaba, ambao ndio unaonifanya niseme Februari kila nikiulizwa. Unatengenezwa kwa nyasi ndefu za kinamasi, kijani kibichi, mviringo kama kalamu, ndani laini kama sifongo. Zinang'olewa kwa mkono, hazikatwi. Katika ukumbi wa parokia nilikoingia, meza zilijaa nyasi hizo zikidondosha maji, na bibi mmoja akanivutia kiti. Unashika unyasi mmoja wima. Wa pili unaukunja katikati, unaukumbatisha ule wa kwanza, ncha zake zielekee kulia. Unazungusha kazi yote robo mzunguko. Wa tatu unakunja juu ya wa pili, unazungusha tena, unakunja, unazungusha, na muda wote kidole gumba kimebana katikati, kwa sababu ukilegeza tu kitovu kinafumuka na unaanza upya. Ukishapata mikono minne iliyojaa, unafunga kila ncha kwa uzi. Bibi yangu mzaa mama alisuka ukili maisha yake yote, na siku ile vidole vyangu vilijua kubana kabla akili haijaelewa. Yule bibi wa Kildare akautazama msalaba wangu, akaugeuza, akauliza nimefundishwa wapi. Nikamwambia, kwa bibi. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba bibi yangu alikuwa wa kijiji cha pili.

Msalaba unatundikwa juu ya mlango kuikinga nyumba na moto na njaa. Hulipi kitu au unalipa sadaka kidogo. Pombe haihusiki.

Ubaya wake? Baridi. Mchana ukiwa mzuri ni nyuzi 8, jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni limeshaaga. Na usitegemee makubwa: hakuna magari yaliyopambwa, hakuna fataki. Anayetaka picha za kutikisa WhatsApp ataona amedanganywa.

Moto wa Mei na moto wa Juni

Hapa nitapita haraka, maana uchaguzi unategemea jambo moja tu: una mwenyeji au huna?

Bealtaine ina moto mkubwa wa kilima cha Uisneach, Westmeath, kinachohesabiwa kuwa kitovu cha Ireland ya kale. Ni ardhi ya mtu binafsi na tukio la tiketi, hufanyika karibu na 1 Mei, na bila gari utateseka. Panapendeza, moto unawashwa giza likiingia, watu wana vinyago na ngoma. Lakini ni tamasha lililofufuliwa na waandaaji, na unalihisi hivyo. Mila yenyewe ya Mei iko milangoni kwa watu: maua ya njano yanayotawanywa kizingitini, na kichaka cha mti wa miiba kinachopambwa kwa utepe na maganda ya mayai. Zamani siku ya 1 Mei hukutoa nje ya nyumba maziwa, chumvi wala kaa la moto, jirani aombe vipi, kwa hofu kwamba bahati ya siagi ya mwaka mzima ingeondoka navyo. Nilipomsimulia mama akaniambia, "Sasa hilo geni nini? Na wewe usiku chumvi ulikuwa unaitoa?"

Juni, mkesha wa Yohana Mbatizaji tarehe 23, mioto inawashwa magharibi yote, Mayo, Galway, na huko Cork pia. Hakuna tiketi, hakuna ratiba, hakuna tovuti. Ni mtaa fulani au kijiji fulani, mbao zimerundikwa, mzee mmoja anasali, vijana wanaruka makaa, na zamani majivu yalipelekwa shambani. Saa nne usiku jua ndiyo kwanza linazama, na kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili kusema "usiku" huku unavaa miwani ya jua ni kichekesho kisichoisha. Ukiwa na mwenyeji kijijini, hii inaishinda Uisneach mara kumi. Ukiwa huna, utazunguka na gari la kukodi ukifuata moshi. Na angalizo: mioto mikubwa ya Julai 11 huko Ireland ya Kaskazini ni jambo jingine kabisa, ni ya siasa na historia ya Waprotestanti wa huko. Usichanganye.

Mlima au beberu

Anayeweza kuja Julai au Agosti ana bahati ya hali ya hewa na balaa la bei za ndege. Mambo mawili yanamvuta, na hayafanani hata kwa dawa.

Jumapili ya mwisho ya Julai ni siku ya kupanda Croagh Patrick, Mayo, mlima wa mita 764 unaoitazama bahari. Kabla Patrick hajahusishwa nao, Jumapili hizi za mwisho wa Julai zilikuwa za Lúnasa: watu walipanda vilima kuchuma matunda madogo meusi ya porini na vijana kutafutana macho. Sasa ni hija. Wapo wanaopanda miguu mitupu, juu ya mawe makali yanayoteleza, na nimemwona mama mtu mzima akishuka damu kidoleni anatabasamu. Unaanzia Murrisk, unanunua au kukodi fimbo, na kwa mtu wa kawaida kupanda na kushuka ni kama saa nne. Hakuna kiingilio. Mikono yako hapa itashika fimbo, na mara nyingi mkono wa mtu usiyemjua akikuvuta kipande cha juu. Kwa Mkatoliki anayeamini, usimlinganishie na kingine. Kwa mtoto wa miaka tisa, hapana.

Agosti 10, 11 na 12, iwe Jumapili au Jumatano, Killorglin ya Kerry wana Puck Fair. Wanapanda milimani, wanakamata mbuzi dume wa mwitu, wanamleta mjini, msichana wa shule aliyechaguliwa malkia anamvisha taji, na beberu anapandishwa kwenye jukwaa refu kuwa mfalme. Hati ya kifalme ya kuutambua mnada huu ni ya mwaka 1613, na mnada wenyewe ulikuwepo kabla. Hadithi moja ya chimbuko inasema wanajeshi wa Cromwell, mvamizi wa Kiingereza, walipokuwa wakija kupora, beberu mmoja alitoroka kundini akakimbilia mjini, watu wakashtuka na kujihami. Yaani beberu ndiye aliyewaonya watu kuhusu mabeberu. Nimejaribu kuwaeleza utamu huo wenyeji wa Killorglin. Kiingereza hakiubebi.

Siku ya kwanza kuna mnada wa farasi, ya pili wa ng'ombe, na hapo ndipo penye thamani: muuzaji na mnunuzi kila mmoja anatema mate kiganjani mwake, kisha wanapigana makofi ya mkono kufunga bei. Usiku ni baa hadi alfajiri. Watetezi wa wanyama wamekuwa wakilalamikia kumweka mbuzi juu, na mwaka 2022 joto lilipozidi aliteremshwa. Mimi nilikwenda mara moja, nikacheka sana, sirudii. Kwa wifi yangu asiyekunywa, baada ya saa mbili usiku hakuna lake pale.

Samhain: Meath au Derry?

Hapa ndipo wengi mnakosea kwa sababu ya viza, kwa hiyo soma taratibu. Mkesha wa Samhain, 31 Oktoba, ndio Halloween, na kubwa kuliko zote kisiwani ni ya Derry: mji wenye kuta za kale, sherehe zilizoanza mwaka 1986, mitaa imejaa waliojigeuza, fataki juu ya mto Foyle. Lakini Derry iko Ireland ya Kaskazini, yaani Uingereza. Mtanzania au Mkenya mwenye viza ya Ireland pekee haruhusiwi kuvuka kwenda huko, hata kama mpakani hutaona askari wala kizuizi. Tena viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi Ireland yenyewe, kwa kuwa Ireland haimo Schengen. Nimeona watu wakinunua tiketi kwanza na kuuliza baadaye.

Kwa hiyo Meath. Karibu na Athboy kuna kilima cha Tlachtga, ambako masimulizi ya kale yanasema mioto yote nchini ilizimwa usiku wa Samhain na kuwashwa upya kutoka mmoja. Mtu wa Makunduchi aliyezoea kuona kibanda kikiteketezwa Mwaka Kogwa hataona kigeni. Tangu 2019 kuna tamasha la Púca huko Athboy na Trim, jina la jini wa kubadilika maumbo. Ni tamasha la kisasa lenye muziki na taa, zuri kwa mtoto, tiketi zinauzwa mapema.

Ila Samhain halisi iko jikoni. Kuna bairín breac, mkate mtamu wa zabibu kavu wenye pete ndani. Anayepata pete kwenye kipande chake ataoa au kuolewa kabla mwaka haujaisha. Unauzwa dukani kwa bei ya mkate, pete imeviringishwa karatasi. Kazini kwangu, nyumba ya kutunzia wazee, pete iliniangukia mimi. Mama mmoja wa miaka tisini na kitu akaniuliza jina la bwana harusi. Nikamwambia nimeshaolewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwambie ajihadhari." Kuna na colcannon, viazi vya kuponda vilivyochanganywa na mboga iitwayo kale, ndugu yake sukumawiki, katikati shimo la siagi iliyoyeyuka. Na taa za kuchonga: maboga yalitoka Marekani, huku walichonga tanipu, mzizi mgumu unaovunja visu, na sura inayotokea inatisha kuliko boga lolote. Nakala ya moja ya Donegal ipo katika jumba la makumbusho la maisha ya vijijini, Turlough Park, karibu na Castlebar. Kuingia ni bure. Atakayekuja msimu usio na sherehe yoyote aende pale, ataikuta misalaba ya Brigid na vinyago vya mabua vya mwaka mzima chini ya paa moja.

Siku ya ndege mdogo

Desemba 26, Dingle. Ndege wote walishindana nani ataruka juu zaidi awe mfalme. Tai akawapita wote, akachoka, ndipo kandege kadogo, dreoilín, kenye uzito wa gramu kama kumi, kakachomoka kwenye manyoya ya mgongo wake na kuruka juu kidogo. Kakawa mfalme. Sungura wetu angekapa mkono. Zamani vijana walikawinda siku hii, wakakafunga kwenye kijiti kilichopambwa na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pesa ya mazishi yake. Sasa ndege halisi haguswi, na pesa huenda kwa wenye shida.

Kinachobaki kinatosha. Vikundi vya mitaa vinatoka na suti za mabua kuanzia kichwani, kofia ndefu zenye ncha zinazoficha uso, farasi wa mbao anayefungua mdomo na kukimbiza watoto, ngoma na filimbi zisizonyamaza. Mvua ilikuwa inanyesha mwaka niliokwenda. Mabua yaliyolowa yakanukia kama ghala, na kila mchezaji akaacha njia ya vipande barabarani. Kijana mmoja akanivua skafu, akanivika kofia yake ya mabua, akanisukumia ngoma. Sikuombwa nilipe. Sikuulizwa natoka wapi, na hilo kwa anayeishi huku si dogo.

Lakini mipango yake ni migumu. Tarehe 25 hakuna treni wala mabasi ya kawaida, kwa hiyo lazima uwe Dingle kufikia 24, vyumba vimejaa wenyeji waliorudi nyumbani, na jua linazama saa kumi na nusu. Jioni yote ni baa, ingawa watoto wanaruhusiwa mapema. Ukiweza kubaki hadi 6 Januari utaikuta Nollaig na mBan, Krismasi ya wanawake, wanaume wanapika na kuosha vyombo huku wake zao wako nje na mashoga zao. Kerry na Cork hawachezi na siku hiyo.

Nilimpa wifi hesabu yote hii. Ukimfikiria mtoto kwanza, shule za Tanzania zimefungwa Desemba, hivyo ni siku ya ndege mdogo, apende asipende baridi. Mwisho wa Oktoba ndio unaomfaa mtoto zaidi kwa burudani, lakini atakosa masomo. Kama nachagua kwa ajili yake mwenyewe, hanywi, anapenda kazi za mikono, hapendi kusukumwa, basi ni Brigid, na mengine yote yanakaa nyuma.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, safari hii sekunde kumi tu. "Basi mtoto atabaki kwa bibi yake. Februari nakuja. Hayo majani mnayanunua au mnang'oa wenyewe?"

Tunang'oa wenyewe, wifi. Lete mabuti.